Maziwa ya Ng'ombe Asiyejulikana

Mwalimu Polikarpi alikuwa na desturi ya kufundisha somo la maziwa mara tu baada ya chakula cha mchana, saa ambayo wanafunzi walikuwa wameshiba ugali na maharage na hawana hamu ya kubishana na mtu. Huo ulikuwa mwaka 1987. Chuo chao kidogo cha mabwana afya na mabibi afya pale Kayanga kilikuwa na ubao uliopasuka, Land-Rover iliyosukumwa mara nyingi kuliko ilivyoendeshwa, na imani isiyotikisika katika maji yaliyochemka.

"Maziwa mabichi yanabeba kifua kikuu, yanabeba kuhara, na yanabeba ile homa inayowafanya ng'ombe watupe mimba," alisema huku akiandika. "Yachemshwe. Katika jambo hili hakuna mjadala."

Gosbert akanyoosha mkono. Alikuwa kijana wa Igurwa, mtoto wa wakulima wa migomba na kahawa, hodari darasani na hodari zaidi nje ya somo.

"Mwalimu, na hawa ndugu zetu wafugaji wanaosuuza vyombo vya maziwa kwa mkojo wa ng'ombe? Tuwachemshie maziwa au tuwachemshe wao wenyewe?"

Darasa likacheka. Wengine waligeuka kumtazama Kobugabe, aliyekaa karibu na dirisha. Ndiye pekee kati yao aliyetoka katika nyumba ya wafugaji, kule mbugani upande wa Kyerwa, na kila mtu alilijua hilo kwa sababu Gosbert alikwisha kuwakumbusha mara nyingi.

"Dada Kobugabe, tusaidie," Gosbert aliendelea kwa adabu yote. "Huwa ni mkojo wa asubuhi au wa jioni? Tusije tukaandika vibaya kwenye mtihani."

Kobugabe alijibu bila kuinua uso kutoka kwenye dawati. "Kwetu maziwa yanachemshwa. Nilimweleza mama zamani, akaelewa."

Ulikuwa uongo usio na upungufu wowote. Kwao hakuna mtu aliyewahi kuchemsha maziwa. Iliaminika kwamba moto ukiyagusa maziwa humfuata ng'ombe aliyeyatoa: kiwele huvimba, chuchu hupasuka, na badala ya maziwa hutoka damu. Vyombo vya mti vilisuuzwa kama Gosbert alivyosema, kisha vikafukizwa kwa moshi wa majani makavu mpaka vikanukia. Ni haki kuongeza kwamba kuhusu vijidudu Mwalimu Polikarpi hakukosea hata kidogo. Kaka mkubwa wa Kobugabe alikuwa akilala na homa iliyokwenda na kurudi kama mgeni asiyejua kuaga, na maungo yake yalikuwa ya mzee kabla ya wakati wake. Kobugabe alijua chanzo. Alikuwa amejifunza katika darasa hilohilo, na likizo iliyopita alikuwa ameamua kumweleza mama yake. Kisha akaona aibu, akanyamaza.

Mwalimu aliweka chaki chini. Kwa miaka yote aliyofundisha somo lile hakuwahi kuona nyumba moja ya wafugaji iliyolifuata. Furaha ilimpanda polepole, kama inavyompanda mtu asiyeizoea.

"Basi somo la vitendo tutalifanyia kwenu," alisema. "Alhamisi ya juma lijalo. Wewe utafundisha, sisi tutakaa na kutazama. Na hiyo ndiyo itakuwa alama yako ya vitendo."

Alama ya vitendo haikuwa jambo dogo. Bila hiyo hapakuwa na cheti, na bila cheti Kobugabe angerudi nyumbani kusubiri kuposwa, jambo ambalo mjomba wake mmoja alikuwa amelitabiri hadharani siku alipokwenda kuanza masomo.

Jioni Gosbert alimfuata kwenye bomba la maji. "Dada, nisamehe kwa ule utani. Sikujua. Nikifika kwenu nitakunywa kikombe kikubwa, na nitaomba kingine."

Kobugabe alimwambia hakuna neno. Dharau ya Gosbert alikuwa ameizoea. Heshima yake ndiyo iliyomlaza macho wazi.

*

Jumamosi aliomba ruhusa, akapanda lori la kahawa, kisha akatembea katika nyasi mpaka kwao. Baba yake, Mwesigwa, alimpokea kwa kumwita daktari, kama alivyomwita mbele ya kila mtu tangu alipochaguliwa. Mama yake, Margreth, alimpokea kwa kumuuliza alikula nini njiani.

"Maharage, chuoni, kabla sijaondoka."

"Basi maziwa utakunywa kesho."

Hiyo nayo ilikuwa kanuni ya nyumba. Aliyekula maharage hakugusa maziwa ya zizi siku hiyo. Vitu hivyo viwili vikikutana tumboni mwa mtu, aliyeumia ni ng'ombe. Kobugabe alikubali. Angeweza kueleza kwa ufasaha, kwa michoro ya vyakula vya kujenga mwili, vya kutia nguvu na vya kulinda mwili, kwa nini kanuni kama hiyo ilikuwa na madhara. Alichukua kikombe cha maji akanywa.

Walipobaki wawili, mama akisukasuka kibuyu cha maziwa ili apate siagi, Kobugabe alisema, "Mama, nimesema uongo chuoni."

"Uongo wa mwanamume?"

"Wa maziwa."

Kibuyu kilisimama. "Afadhali ungekuwa wa mwanamume. Wanaume huwa wanaondoka."

Akamweleza yote: dhihaka, jibu lake, Alhamisi, alama. Mama alisikiliza huku akiufuta mdomo wa kibuyu kwa kidole, polepole, kana kwamba jibu lingepatikana hapo.

"Siku moja tu, mama. Chungu kimoja. Wakiondoka basi."

"Wewe una siku moja. Ng'ombe ana maisha yake. Akipasuka kiwele mwezi ujao, nitamwambia baba yako kwamba ilikuwa siku moja tu?"

"Hawapasuki. Ng'ombe wa wenzetu maziwa yao yanachemshwa kila siku, na wanakamuliwa kila siku."

"Ndivyo wanavyokufundisha?"

"Ndivyo ilivyo."

"Basi kwa nini hukumwambia hivyo baba yako likizo iliyopita? Mbona unakuja kuniambia mimi, na kwa kunong'ona?"

Mama alirudi kusukasuka kibuyu chake. Kisha akaanza kutabasamu.

"Yapo yale ya unga," alisema. "Ya kliniki. Hayo tunaweza kuyachemsha mpaka kuni ziishe. Ng'ombe wake ni nani? Yuko Ulaya huko, hatumjui jina wala rangi. Kiwele chake kikipasuka, hatutasikia akilia."

Kobugabe alicheka. Hakuwa amecheka tangu siku ya somo, na kicheko kile kilimpunguzia uzito kiasi kwamba alichelewa kuuliza swali lililofuata.

"Ya kliniki ya nani?"

"Ya Mukakalisa. Anapewa kwa ajili ya yule mtoto wake, Vestina."

Mukakalisa alikuwa mwanamke ambaye wazazi wake walivuka kutoka Rwanda miaka mingi nyuma. Alilima shamba la migomba na maharage la Mwesigwa, na nyumba yake ilikuwa mwisho wa migomba hiyo, kwenye ardhi ya Mwesigwa. Mumewe, Harerimana, alikuwa ameondoka kutafuta kibarua upande wa ziwa, na habari zake zilikuwa zimekatika. Ujira wa Mukakalisa ulikuwa ndizi na maharage. Kwa kuwa yeye na mtoto walikula maharage kila siku, maziwa ya zizi hawakupewa siku yoyote. Hapakuwa na ubaya wa makusudi katika mpango huo. Ulikuwa mpango tu, na ulikuwepo kabla yao.

"Lakini ni ya mtoto," Kobugabe alisema.

"Kidogo tu. Nikimwomba, Mukakalisa hawezi kuninyima."

Hilo lilikuwa kweli. Mukakalisa hakuwa na namna ya kumnyima mwenye ardhi chochote, na mtu aliyesomea mambo ya afya ya jamii angepaswa kusimama hapo na kufikiri. Kobugabe hakusimama. Alisema amechoka kwa safari. Kutoka uani kwao mpaka kwa Mukakalisa ni mwendo wa kupitia migomba tu, na jana yake angeweza kutaja bila kusita dalili zote za mtoto asiyepata chakula cha kujenga mwili. Hakwenda kumtazama. Jumapili alirudi chuoni akiwa amekunywa maziwa mabichi ya nyumbani, kikombe kizima, na yalikuwa matamu.

*

Alhamisi Land-Rover ilifika bila kusukumwa. Mwesigwa alikuwa amevaa koti na kukaa kwenye kigoda chake mbele ya nyumba. Mkewe alikuwa amemweleza kwamba binti angeonyesha wenzake namna ya kupika maziwa ya unga, na kwamba unga wenyewe umetoka chuoni. Mwesigwa hakuona tatizo. "Hayo wapikeni mpendavyo," alisema. "Huyo ng'ombe si wetu." Kuhusu kile binti yake alichowaambia watu wa Kayanga hakujua lolote.

"Shikamoo, Ta Mwesigwa," Mwalimu Polikarpi alisema, akimwita kwa heshima ya wazee wa kule na kuinama kidogo.

"Marahaba, mwalimu. Karibuni, waitu, karibuni watu wetu. Kumbe mnatembea wengi hivi kwa ajili ya kikombe cha maziwa!"

"Nyumba kama yako ni adimu, mzee. Lazima waione kwa macho yao."

Mwesigwa alidhani anasifiwa ng'ombe. Akakubali sifa kwa kutikisa kichwa.

Kobugabe alifundisha vizuri. Hilo halina ubishi. Alionyesha namna ya kunawa mikono kwa sabuni na maji yanayomiminwa, namna ya kusugua sufuria, na kwa nini kikombe kisifutwe kwa khanga. Kisha mama akatoa chombo cha mti kutoka ndani, kilichojaa maziwa mpaka mdomoni, na Kobugabe akamimina maziwa katika sufuria mbele ya wote. Unga ulikuwa umekorogwa mapema nyuma ya nyumba. Maziwa yakapanda, akayapunguzia moto, yakapanda tena. Wanafunzi waliandika. Yalipotulia yakagawiwa katika vikombe vya bati, na kila mmoja akanywa, kwa kuwa katika nchi ile kukataa maziwa ya mwenyeji ni kumtukana.

Mwalimu Polikarpi alikuwa ameinamia sufuria. Maziwa ya ng'ombe wa mbugani yakichemka na kupoa hujivika utando mnene wa mafuta, wa kuweza kuinuliwa kwa kijiko. Yale yalikuwa yamekaa wazi kama maji ya chokaa. Akaonja. Alikuwa amegawa maziwa ya namna hiyo kliniki kwa miaka mingi, na ladha yake aliijua kama mtu anavyoijua dawa aliyolazimishwa utotoni. Alikaa na kikombe chake mkononi, akiwa na sura ya mtu aliyepewa zawadi na kugundua kwamba ni yake mwenyewe iliyoibwa.

"Naomba kingine, mama," Gosbert alisema kwa sauti, akitimiza ahadi. "Dada, nafuta maneno yangu yote."

Ndipo Mukakalisa akatokea kwenye migomba, mkungu kichwani, kwa kuwa Margreth alikuwa amemwagiza ndizi za chakula cha wageni. Vestina alikuja nyuma yake, ameshika kipande cha kitenge. Alikuwa na umri wa kukimbia, lakini hakukimbia. Nywele zake zilikuwa chache, rangi ya vumbi jekundu. Mashavu yalikuwa yamejaa, na miguu yake ilikuwa minene kuliko inavyofaa kwa mtoto mwembamba hivyo mikononi. Mama aliposimama, akakaa chini palepale. Hakutazama wageni, wala vikombe, wala gari, ambalo mtoto yeyote wa mbugani angelikimbilia.

Wanafunzi waliacha kuandika. Picha ya mtoto wa namna hiyo walikuwa wameiona ukutani darasani.

"Mwalimu," Gosbert alisema, na safari hii hakukuwa na utani, "hii ni kwashakoo." Alichuchumaa, akabonyeza unyayo wa mtoto kwa kidole gumba, taratibu. Alipoondoa kidole, shimo likabaki. Vestina alitazama shimo lile katika mguu wake kana kwamba ni mguu wa mtu mwingine.

"Mama," Mwalimu alimwambia Mukakalisa, "mtoto huyu yuko kwenye kliniki ya lishe?"

"Yuko, mwalimu."

"Anapewa maziwa ya unga?"

"Anapewa."

"Yako wapi?"

Mukakalisa alitua mkungu. Alimtazama Margreth, kwa muda mfupi sana, kisha akatazama chini. "Yamekwisha."

"Mgawo umetolewa juzi tu. Yamekwishaje?"

"Wanayauza, mwalimu," Gosbert alisema. Alikuwa na hasira ya kweli. Kidole chake bado kilikuwa kimehifadhi mguso wa unyayo ule. "Hata kwetu Igurwa yapo sokoni, kwa vikombe. Mtoto anavimba na mama anauza."

Kuku alipita kati ya vikombe.

"Uliyauza?" Mwalimu aliuliza.

"Niliyauza," Mukakalisa alisema.

"Unajua kanuni. Mzazi anayeuza maziwa ya mtoto anaondolewa kwenye mgawo."

Aliyasema hayo kwa kusitasita, neno baada ya neno, na alipokuwa akiyasema hakumtazama Mukakalisa. Alitazama kikombe chake, kisha akamtazama mwanafunzi wake aliyesimama kando ya sufuria na upawa mkononi.

Kobugabe alikuwa anangoja mama yake aseme. Mama alikuwa anamngoja yeye. Baba hakungoja chochote, kwa kuwa hakuelewa. Ingetosha kunyamaza kidogo tu zaidi. Mwalimu angesimama, wangekula ndizi, gari lingeondoka, na cheti kingepatikana. Vestina alikuwa amelaza kichwa kwenye goti la mama yake. Inzi alitua pembeni mwa jicho lake, naye hakumfukuza.

"Hakuyauza," Kobugabe alisema.

"Sema kwa sauti," Mwalimu alisema.

"Hakuyauza. Tumeyanywa sisi. Hayo hapo, kwenye vikombe."

Wanafunzi walitazama vikombe vyao. Mmoja aliweka chake chini kwa uangalifu, kama kinachoweza kulipuka. Gosbert, aliyekuwa na cha pili, hakujua afanye nini na mikono yake.

"Na maziwa ya kwenu?" Mwalimu aliuliza.

"Hayajawahi kuchemshwa. Nilidanganya. Waliponicheka darasani niliona aibu, nikadanganya, kisha nikaja kumwomba mama anisaidie kudanganya."

"Binti yangu amedanganya nini?" Mwesigwa aliuliza. Alimuuliza mkewe, kwa Kinyambo, na Margreth akamjibu kwa Kinyambo, kwa maneno machache. Uso wa mzee haukubadilika. Masikio yake ndiyo yaliyoonekana kusogea nyuma, kama ya mtu anayesikia kofi kabla halijafika.

"Kwa hiyo," alisema hatimaye kwa Kiswahili, ili wageni wasikie, "mmekuja kwangu kutazama ajabu. Wafugaji wanaochemsha. Na mimi nimewavalia koti."

"Baba..."

"Na mtoto wa mtu anayenilimia amenyang'anywa maziwa, ili mimi nisifiwe. Ndani ya boma lenye ng'ombe."

"Baba, nisamehe."

Kobugabe aliweka upawa chini, akaingia ndani, akatoka na chombo kingine. Kilikuwa cha maziwa yaliyokamuliwa asubuhi ile kutoka kwa Gaju, ng'ombe wa rangi ya udongo mwekundu ambaye baba alikuwa amemtenga kuwa wake siku alipochaguliwa chuoni. Alimwaga yaliyobaki sufuriani katika kikombe safi, akampa Mukakalisa. Kisha akamimina ya Gaju katika sufuria na kuuchochea moto.

"Kobugabe!" mama yake alisema.

"Kitaharibika kiwele chake kama kitaharibika. Mtoto huyu ameharibika tayari."

Hakuna aliyemzuia. Walitazama maziwa ya zizi yakipanda juu ya moto, jambo ambalo ua ule haukuwahi kuliona, na wanafunzi, ambao walikuwa wamefundishwa kwamba hilo ni jambo jema lisilo na mjadala, walijikuta wakizuia pumzi. Utando wa mafuta ulijikusanya juu, mnene, wa manjano. Margreth aligeuza uso.

Mwesigwa alisimama. "Gaju asilale zizini kwangu," alisema. "Ng'ombe aliyechemshiwa maziwa hawezi kulala na wenzake. Aende na huyo mwanamke. Afungwe kwake, alishwe kwake, na watakalofanya na maziwa yake wasiniambie."

Hapakuwa na kanuni ya namna hiyo. Mila ilitaka mambo madogo zaidi: majani fulani, moshi, siku kadhaa za kujizuia. Margreth alijua hivyo, na mzee mwenyewe alijua kwamba Margreth anajua. Kama mzee aliitunga kanuni ile palepale kwa ajili ya kulinda ng'ombe au kwa sababu hakuweza tena kumtazama Vestina, hakuna aliyethubutu kumuuliza. Alivua koti, akalikunja, akaingia ndani, na hakutoka kuwaaga.

Mwalimu Polikarpi aliagiza mtoto na mama yake wapakiwe garini. Miguu ile ilihitaji hospitali ya Nyakahanga, si mihadhara. Margreth alileta blanketi bila kuombwa na kulikunja kwenye kiti.

"Wengine mtasubiri gari lirudi," Mwalimu aliwaambia wanafunzi. "Andikeni mlichokiona."

"Tuandike kipi, mwalimu?" Gosbert aliuliza.

"Mlichokiona."

"Kwamba nilimwita mwizi? Na kwamba nimekunywa vikombe viwili?"

"Hilo liwe la kwanza. Nami nitaandika changu, kwamba nilionja nikanyamaza." Kisha akamgeukia Kobugabe, na sauti yake haikuwa ya ukali, ingekuwa nafuu kama ingekuwa. "Umeshindwa. Utarudia muhula ujao. Mtu mmoja tu, umfundishe jambo moja. Umchague mwenyewe, na sitakuja kutazama. Nitamuuliza yeye."

*

Vestina alikaa hospitali mpaka uvimbe ukaisha na ngozi ikaanza kumshika vizuri. Wakati huo Gaju alikuwa amefungwa mwisho wa migomba, akila maganda ya ndizi kwa mashaka ya ng'ombe aliyezoea mbuga, na alikuwa akikamuliwa na mtoto wa jirani. Kiwele chake hakikupasuka. Mwesigwa alijua, kwa kuwa alipita njia ile kila jioni, japokuwa haikuwa njia ya kwenda popote.

Muhula ulipoanza Kobugabe alikwenda kwa Mukakalisa. Alikuwa amefikiria watu wengine, rahisi zaidi, na kuwaacha mmoja mmoja. Alibisha hodi, akasalimia, akakaa alipoonyeshwa. Vestina alikuwa nje, anambughudhi kuku, na alimtazama mgeni kwa chuki nzuri ya mtoto mwenye afya.

"Nimekuja kukufundisha kuchemsha maziwa," Kobugabe alisema. "Kama utakubali. Ukikataa, nitaelewa."

"Nikikataa utafeli?"

"Ndiyo."

Mukakalisa alifikiri. "Kule hospitali walinieleza haraka haraka. Sikushika yote. Sema."

Kobugabe alieleza. Sufuria isuguliwe kwa majivu na isuuzwe kwa maji ya moto. Maziwa yapande, moto upunguzwe, yapande tena, huku yakikorogwa yasiungue. Yafunikwe. Kikombe cha mtoto kiwe chake peke yake. Ule utando wa juu usitupwe, apewe mtoto, ndio wenye mafuta. Alieleza pia kwamba maharage na maziwa vinaweza kuliwa siku moja, hata saa moja, na kwamba ndivyo ingefaa, maana shamba linatoa kimoja na ng'ombe kingine, na vyote viwili vipo mwaka mzima.

"Na ng'ombe hadhuriki?"

"Hadhuriki."

"Ulikuwa unajua hivyo siku zote?"

"Tangu mwaka wa kwanza chuoni."

Mukakalisa alikuwa akichambua maharage katika ungo, akitoa mawe na kuyatupa mlangoni.

"Kwa nini ulisema uliyauza?" Kobugabe aliuliza.

"Mama yako alikuwa amesimama pale. Nyumba hii iko kwenye shamba la baba yako. Wewe ungesema nini?"

"Sijui."

"Unajua." Akatupa jiwe jingine. "Haya, rudia pale kwenye kupunguza moto. Na uniangalie. Tangu umefika unaifundisha sakafu, na sakafu haina mtoto."

Kobugabe aliinua uso. Ilikuwa kazi nzito kuliko alivyotazamia. Macho ya mwanamke yule hayakuwa na hasira wala msamaha, yalikuwa yanangoja tu somo. Akaanza upya, tangu kusugua sufuria.